Fundi wa Mkono wa Kushoto wa Mizusawa

Oikawa Sueno alikuwa analamba vyuma. Nianzie hapo hapo, maana mji mzima wa Mizusawa, huku Japani, ulianzia hapo kila ulipomtaja, na mimi sina sababu ya kumsitiri. Ukimpelekea chura wa chuma cha kusubu uliyemkuta darini kwa marehemu mama mkwe wako, Sueno atampokea kwa mikono miwili, atampima uzito kwa kumrusharusha kidogo kama mtu anayenunua tikiti maji, atamgonga kwa ukucha na kutega sikio, atamgeuza miguu juu bila haya yoyote, kisha, wakati wewe unadhani amemaliza, anatoa ulimi.

"Siki," angesema. "Kutu hii imepikwa na siki, haina hata miezi sita. Nani kakuuzia?"

"Hakuna aliyeniuzia, nimemkuta darini kwa mama mkwe."

"Basi aliyetapeliwa ni mama mkwe, au tapeli alikuwa yeye mwenyewe. Pole sana. Rudi nyumbani ukamwashie ubani."

Na hakosei! Hapo ndipo watu walipokuwa wanaudhika. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao nyuma ya kituo cha treni, na mara mbili kwa mwezi alitandika kitambaa chake kwenye gulio la vitu vya kale uwanjani pa hekalu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita treni. Hakusoma zaidi ya shule ya kati, lakini ukimwekea mbele ng'ombe watano wa chuma, atakupangia nani mkubwa na nani mdogo wao haraka kuliko mama yao.

Wa zamani ni mwepesi kuliko anavyoonekana, atakwambia, kwa sababu mafundi wa zamani walimimina chuma chembamba. Chuma kilikuwa ghali, wao walikuwa rahisi. Wa juzi ni mzito bure. Ukiona chini ana kitambaa kilichogundishwa, mrudishe alikotoka. Ukimgonga akajibu kifupi, ana ufa. Lakini ushahidi wenyewe, alisema, ni mshono. Mnyama wa chuma husubiwa kwa kumimina chuma cha moto kwenye kalibu ya mchanga yenye nusu mbili, na pale nusu zinapokutana chuma huvuja kidogo, kikabaki kijimstari kuanzia puani, kikapita mgongoni mpaka mkiani. Lazima mtu akae chini ausugue mshono huo kwa tupa. Mashine huacha alama za duara. Mkono wa mtu huacha mistari, na hakuna mikono miwili inayoacha mistari sawa.

"Usinionyeshe uso wake," alikuwa akiwafokea wateja. "Uso kila mtu anaweza. Nionyeshe shingo, chini ya sikio, pale tupa inapopata taabu."

Kitu kimoja tu hakutaka hata kukigusa, achilia mbali kukilamba: vya meli. Hivyo ni vile vinyama vilivyosubiwa baada ya vita, vikapakwa rangi ya waridi na kijani na bluu ya kuumiza macho, vikapangwa kwenye makasha na kusafirishwa Marekani. Mabibi wa mjini walimletea vilivyobaki, wamevifunga kwenye vitambaa vizuri kabisa, na yeye aliwarudishia pamoja na biskuti moja ya ufuta ya kuwapoza.

"Kazi ya wasichana, mama. Kapeleke chakavu."

Na alikuwa na ujasiri wa kusema hivyo kwa sababu naye alikuwa mmoja wao. Tangu miaka kumi na saba mpaka alipoolewa akiwa na ishirini na miwili, Sueno alikaa kwenye benchi na wasichana wenzake kumi na mmoja, wakisugua mishono ya vinyama vya meli. "Mimi nilikuwepo," alisema. "Mia mbili kwa siku! Tunasugua huku tunaimba, tunasengenya, tunalia kwa ajili ya wavulana. Mtu akisugua huku analia, atatoa nini?"

Haya. Sasa ngoja nikwambie kuhusu mwanamume wake.

Si mumewe, huyo tutamfikia. Huyu mwingine alikuja miaka ishirini nyuma, siku aliyonunua ng'ombe mweusi wa chuma, mdogo wa kukaa kiganjani, asiye na jina wala muhuri. Sueno alimgeuza, akaangalia shingo, akakaa kitako. Mistari ya tupa ililala upande usio wa kawaida. Kila mtu anayesugua kwa mkono wa kulia huilaza huku. Hii ilikuwa imelala kule. Na mwisho wa kila mstari kulikuwa na kijikonyo, kama vile aliyesugua alikunja kifundo cha mkono wakati wa kumaliza, na kwa kijikonyo hicho shingo ya ng'ombe ilikuwa imegeuka kidogo, ungeapa ameitwa.

Baadaye akapata chura. Baadaye bundi. Wote weusi, wote bila jina, wote na mistari ile ile. Sueno akampa huyo mtu jina: Fundi wa Mkono wa Kushoto. Akaamua alifanya kazi kabla ya vita. Akaamua alikuwa mtu mzima, mwenye subira, mkimya, mwenye mabega mapana. Hata akaamua alikuwa mjane.

"Ujane umeuona wapi?" aliuliza Masakichi mumewe, mtu aliyestaafu reli, wakiwa wameingiza miguu kwenye joto chini ya meza yao yenye blanketi.

"Mwanamume mwenye mke nyumbani hapati utulivu wa namna hii. Tazama mstari huu."

"Mimi nimeongoza treni miaka thelathini na tatu nikiwa na mke nyumbani. Hazijawahi kugongana hata siku moja."

"Bwana wee, treni zina breki. Mkono hauna breki."

Masakichi akanywa chai yake. Watu wanacheka nikisema hivi, lakini mzee yule alikuwa anaona wivu. Wivu wa kweli, wa mtu ambaye hana hata mtu wa kumpiga ngumi. Kila jioni mkewe anampangusa bundi wa bwana mwingine kwa kitambaa cha hariri, naye shati lake halina kifungo.

Basi mwaka ule, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, barua ikaja kutoka jumba la sanaa za chuma la mji. Meneja wake, Bwana Yaegashi, kijana mwenye miwani na wasiwasi mwingi, alikuwa anaandaa rafu ya kudumu yenye kioo na taa, na alitaka wanyama watatu wa Mama Oikawa wakae humo, pamoja na kibao chenye maneno atakayoyasema Mama Oikawa mwenyewe.

Sueno alisoma barua ile akiwa amesimama, akaisoma akiwa amekaa, akampigia simu dada yake kule Morioka akamsomea yote mpaka namba ya posta. Maneno yake! Chini ya kioo! Maprofesa watainama kusoma kitu kilichosemwa na mwanamke wa shule ya kati. Alikesha siku tatu akiyapika maneno hayo, na mwisho yalikuwa haya: "Fundi wa Mkono wa Kushoto. Mwanamume, jina halijulikani. Kabla ya vita. Kazi ya hali ya juu kabisa." Kuanzia hapo hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kibao kile kisimame, na kisomeke hivyo hivyo, basi.

Na hapo ndipo akajiharibia mwenyewe.

Wauzaji wa vitu vya kale wa upande wetu wana mnada wao wa siri, mara moja kwa mwezi, kwenye ukumbi wa mikeka juu ya duka la pombe ya sake. Hakuna kupiga kelele za bei. Kila mtu ana bakuli lake jeusi na brashi. Kitu kikipitishwa, unaandika bei yako ndani ya bakuli, unalifunika, unalisukuma juu ya mkeka mpaka kwa dalali. Dalali anafunua mabakuli, anaangalia kimya kimya, kisha anatangaza bei ya juu na mwenyewe. Uzuri wake ni kwamba hujui mwenzio ameandika nini. Ubaya wake ni huo huo.

Siku hiyo, katikati ya birika na vyungu, akapitishwa sungura. Mweusi, masikio yamesimama. Sueno alimpokea, akamgeuza, akaangalia chini ya sikio. Mistari imelala kule. Vijikonyo.

Muuzaji mzuri akiona kitu kizuri hupiga miayo, ndiyo kanuni. Sueno akapiga miayo mikubwa mpaka machozi yakamtoka. Akamsukuma sungura kwa jirani yake kama anayesukuma sahani chafu. Lakini moyoni ilikuwa ngoma. Wote humu wamemwona, alijiambia. Wote wanajua, mimi mwenyewe nimewafundisha kwa mdomo wangu mrefu! Yule wa kutoka Sendai amekohoa, kwa nini amekohoa? Akachukua brashi akaandika laki moja. Akamtazama yule wa Sendai. Akaifuta kwa kidole, akaandika laki mbili. Yule wa Sendai akatabasamu. Sueno akafuta tena, akaandika laki tatu, akalifunika bakuli na kulisukuma kwa nguvu hata likampita dalali likagonga ukuta.

Dalali akafunua mabakuli. Akafunua la Sueno, akalifunika. Akalifunua tena.

"Sungura," akasema taratibu, "yeni laki tatu. Oikawa." Na kwa sababu naye ni binadamu, akaongeza kitu ambacho dalali haruhusiwi kuongeza: "Anayemfuata, yeni elfu nne."

Lo! Ukumbi ulipasuka. Wazee wa miaka themanini walibingirika kwenye mikeka. Yule wa Sendai, ambaye alikuwa na mafua tu, alicheka mpaka akapaliwa.

Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Obara Hatsue. Hatsue alikuwa shoga yake Sueno na mshindani wake pia, kitambaa chake kule gulioni kilipakana na cha Sueno, na tangu wakiwa wasichana hawajawahi kukubaliana hata kwamba mvua inanyesha. Kiwanda kimoja waliwahi kufanya kazi pamoja: Sueno chini kwenye tupa, Hatsue ghorofani kwenye rangi. Walikutana saa ya chakula tu.

"Lete huyo sungura," alisema Hatsue. Akaingiza ncha ya pini ya nywele ndani kabisa ya sikio la sungura, akakwangua, akaitoa. Kwenye ncha kulikuwa na vumbi la rangi ya waridi. "Shoga yangu, tazama. Ufizi wa Bibi."

"Ufizi wa nani?"

"Ndivyo tulivyokuwa tukiiita rangi hii sisi wa juu. Huyu nimempaka mimi au mwenzangu wa kushoto kwangu. Umenunua cha meli kwa laki tatu!"

"Thubutu! Mtu alimpaka baadaye. Mtoto wa mtu alikuwa anacheza."

"Mtoto gani ana Ufizi wa Bibi?"

"Hatsue, wewe kwenye chuma ni kipofu na siku zote umekuwa kipofu. Unajua rangi tu. Chuma ni kitu kingine."

"Haya, mwenzangu. Mimi kipofu nimeandika elfu mbili."

Laki tatu zile zilikuwa za kununua beseni jipya la kuogea, la zamani lilikuwa linavuja tangu vuli. Nyumbani, Masakichi alimzungusha sungura mezani kwa kidole.

"Kwa hiyo," alisema, "tutaoga ndani yake huyu?"

"Usinichokoze."

"Sichokozi. Nauliza tu nitaanza kuingiza mguu gani."

Habari za mnada zilimfikia Bwana Yaegashi kabla theluji ya asubuhi haijayeyuka. Akapiga simu: Mama Oikawa, samahani sana, kibao bado hakijachongwa, Mama Obara anasema ni vya meli, jumba haliwezi kuandika kabla ya vita kama si kabla ya vita, je, mnaweza kuja wote wawili siku ya Alhamisi na wanyama? Sueno akasema anaweza kuja hata sasa hivi. Kisha akaweka simu, akaingia jikoni, akakata figili ndefu nzima vipande vipande ambavyo hakuna aliyekuwa amevihitaji. Aliogopa. Nisimfichie, aliogopa sana. Akikosea kwa huyu mmoja basi amekosea kwa wote wanne, na akikosea kwa wote wanne, miaka ishirini amekuwa akiwapigia watu kelele bure, na kila aliyewahi kuambiwa arudi akawashe ubani atakuja kumcheka mlangoni.

Alhamisi, Masakichi akambebea wanyama ndani ya sanduku la chakula. Walikutana chumba cha nyuma cha jumba, kile ambacho watoto wa shule huletwa kujaribu kusugua chuma. Kuna benchi refu, jiliwa la kubania chuma, tupa zimetundikwa, na kikapu cha sungura wadogo waliotoka kalibuni na mishono yao. Ng'ombe, chura, bundi na sungura wakapangwa juu ya kitambaa cheupe. Hatsue alikuwa amekuja na chupa ya dawa ya kutoa rangi, pamba, na kofia mpya.

"Umevaa kofia ya mazishi yangu?" Sueno akamuuliza.

"Ya sherehe. Sogea."

Akachovya pamba, akaingiza kwenye tundu la pua ya ng'ombe. Ikatoka kijani. Chini ya kwapa la chura: bluu. Kwenye kucha za bundi: Ufizi wa Bibi, tele. Bwana Yaegashi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Hivi ni vile vilivyokosa meli," Hatsue akasema, na sasa hakuwa anacheka sana. "Kiwanda kilipofungwa walitugawia badala ya mshahara wa mwisho. Mama zetu waliona aibu kuweka ng'ombe wa kijani sebuleni. Wakakwangua rangi, wakavichoma kwenye makaa, wakavipaka chai na vanishi vikawa vyeusi. Mama yangu alifanya hivyo. Shoga, na wako pia."

Sueno alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alimchukua yule bundi akamweka kifuani kana kwamba watamnyang'anya.

"Rangi ni rangi," akasema mwishoni. "Sawa. Wamepakwa. Sawa! Pengine si kabla ya vita. Lakini mkono! Bwana Yaegashi, msikilize mtu aliyekaa kwenye benchi lile miaka mitano. Hakuna msichana wa pale aliyeweza kufanya hivi. Hakuna. Alikuwepo mwanamume hapo nyuma, fundi, pengine walimficha, pengine alikuja usiku."

"Alikuja usiku kusugua sungura?" Hatsue akauliza.

"Nyamaza. Nitakuonyesheni sisi tulivyokuwa tukisugua, halafu mtaona tofauti kwa macho yenu. Lete hiyo."

Akachomoa sungura mmoja kikapuni, akambana kwenye jiliwa. Hakuwa ameshika tupa juu ya mshono kwa miaka thelathini na sita. Dukani anatumia pamba na brashi tu. Alitundua tupa nyembamba ukutani, akakaa kwenye kigoda cha watoto magoti yakigusa kidevu, na akaanza kusugua huku akimtazama Bwana Yaegashi usoni na kumhutubia.

"Sisi hatukuwa tunafikiria kitu. Unaona? Unaingia shingoni, unapanda, hivi. Hivi. Msimamizi anapiga kelele huko nyuma, haraka haraka, wewe unaimba tu. Hivi. Unafika chini ya sikio, hapo pabaya, tupa haiingii, basi unakunja kidogo unatoka zako, hivi, hivi, na wa pili, hivi. Hakuna ufundi! Hakuna hata kidogo! Ng'ombe mwenyewe angeweza. Sasa linganisha na..."

Akagundua kwamba hakuna anayemtazama usoni. Wote watatu walikuwa wanatazama chini.

"Mama Akira," akasema Masakichi polepole, na yeye huwa hamwiti mkewe kwa jina la mtoto wao mbele za watu. "Usinyanyuke. Tazama mkono wako."

Sueno akatazama. Tupa ilikuwa kwenye mkono wa kushoto.

Mkono ule! Mkono ambao bibi yake alikuwa akiufunga kwa mshipi kila wakati wa kula, mpaka akajifunza kushika vijiti kwa mkono wa kulia, na kuandika kwa kulia, na kumimina chai kwa kulia, na kusahau kwamba kulikuwa na habari nyingine. Lakini bibi hakuwahi kukanyaga kiwandani. Siku ile akiwa na miaka kumi na saba alipokabidhiwa tupa, hakuna aliyeuambia mkono wa kushoto kitu, nao ukaichukua.

Akafungua jiliwa. Akamweka yule sungura mpya kando ya sungura wa laki tatu, shingo kwa shingo. Mistari imelala kule. Vijikonyo. Sikio la yule mpya lilikuwa limesimama kana kwamba limesikia jina lake.

Kisha Hatsue akapiga kwikwi, ile kwikwi ya mtu anayejizuia kanisani au mazishini, na kofia mpya ikamtoka kichwani.

"Laki tatu!" alipiga ukelele. "Umelipa laki tatu kitu ulicholipwa yeni tatu kukifanya!"

"Yeni mbili na nusu," akasema Sueno, na ghafla kicheko kikamtoka kutoka tumboni, kikubwa, cha kuita treni, akaegemea benchi, akateleza, akakaa sakafuni miguu imenyooka mbele, akiwa bado amemkumbatia bundi. "Na nimeokota! Bei ya kutupa! Hebu mtazame masikio, Hatsue, mtazame! Nani mwingine angekutolea masikio kama hayo?"

"Mwanamume mjane," Hatsue akasema huku anafuta macho.

"Mwenye mabega mapana!"

Masakichi ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote. Alishika ukingo wa benchi, mabega yanamtikisika, hakuna sauti inayotoka. "Miaka ishirini," alisema alipoweza. "Miaka ishirini nimemwonea wivu mke wangu mwenyewe." Hata Bwana Yaegashi, ambaye jumba lilikuwa halimlipi kwa ajili ya kucheka, ilibidi aende kusimama dirishani.

Walicheka mpaka wakachoka, kisha mmoja akitazama sungura, wanaanza upya. Lakini kicheko kilipotulia, Sueno alikuwa anajifuta machozi na yale machozi hayakukoma pamoja na kicheko. Aliona aibu, tena siyo ya kukosea. Aliwafikiria wale mabibi na vitambaa vyao vizuri. Kapeleke chakavu, mama. Wangapi? Mia? Zaidi?

"Hatsue," akasema akiwa bado sakafuni. "Yule aliyekaa karibu na jiko, mrefu, mwenye meno."

"Nobu. Yupo bado, macho tu yamefifia."

"Nobu alikuwa anazungusha tupa kwenye pua. Kila pua yake ilikuwa ya duara, msimamizi alimkaripia kila siku. Nimewahi kuletewa ng'ombe wa pua ya duara, wawili. Nikawarudisha na biskuti. Na Chiyo alikuwa akiacha mkia mnene, kwa sababu aliona huruma kuukata. Mimi ninaijua mikono yao yote. Ya wote kumi na mmoja! Naweza kuwapanga mezani nikiwa nimefumba macho."

"Basi inuka, tukawatafute," Hatsue akasema, na akampa mkono, wa kulia, wakacheka tena.

Bwana Yaegashi alirudi kutoka dirishani na daftari lake, amekuwa mtu wa kazi tena. Alikata mstari juu ya Fundi wa Mkono wa Kushoto, kisha juu ya neno mwanamume. Akakata jina halijulikani. Akakata kabla ya vita. Yakabaki maneno sita: kazi ya hali ya juu kabisa.

"Haya ya mwisho niyaache, Mama Oikawa?"

"Gusa kidogo tu nikuvunje mkono. Hayo niliyasema bila kujua ni nani, kwa hiyo ni ya kweli."

"Mwaka?"

"Elfu moja mia tisa hamsini na tano. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Na jina? Niandike Oikawa Sueno?"

Alifungua mdomo kusema ndiyo, kisha akaufunga. Akamtazama mumewe, kama mtu anayeomba radhi kidogo.

"Hapana. Huyo alikuwa hajazaliwa bado. Andika Kosaka Sueno," akasema. Hakuna aliyekuwa amelitamka jina hilo tangu asubuhi ya harusi yake. "Kosaka Sueno, msichana wa benchi la chini. Na uandike kwa herufi kubwa, Bwana Yaegashi, maana Nobu siku hizi haoni vizuri."